Taka au Zao? Maoni juu ya Istilahi za Tiba ya Homoni kwa Wanawake Waliokoma Hedhi

Utangulizi

Katika kazi ya kusanifu istilahi, neno gumu halina madhara makubwa kama neno jepesi lililokosewa. Msomaji akutanapo na neno asilolijua husita, akauliza. Lakini akutanapo na neno alilolizoea tangu utotoni, hulipokea kwa maana ile ile aliyoizoea, akaendelea na shughuli zake. Makala haya yanakusudia kulichunguza neno moja la aina hii ya pili, nalo ni neno "taka", kama linavyotumiwa na baadhi ya wafasiri kuvitaja vitu vinavyopatikana wakati mwili unapoibadili homoni. Tutajaribu kuonyesha kwamba neno hilo halifai, tutaeleza sababu zake kwa upande wa sayansi na kwa upande wa lugha, na mwisho tutatoa pendekezo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa umma ambao kazi zao huwakutanisha na maandishi ya tiba.

Sababu ya kuandika ilitokea Kighare, katika Usangi, kwenye milima ya Upare. Ulikuwa mwezi wa Desemba, wakati ambapo watu wa huko wanaofanya kazi mbali hupanda milimani kuwaona wazee wao. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke aliyepita kidogo miaka arobaini, alimletea mwandishi karatasi mbili za maelezo ya dawa. Alitaka kujua kama Kiswahili kilichotumika humo ni sahihi, maana alifahamu kwamba kazi ya mwandishi ni kupima maneno. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji katika hospitali moja ya mbali, na hedhi yake ikakoma mara moja, wala si polepole kama inavyokoma kwa wanawake wengi. Daktari alimpa dawa mbili: kidonge cha estradioli cha kumeza kila siku, na kapsuli ya projesteroni ya kumeza kila usiku.

Karatasi ya kwanza ilieleza katika kichwa chake kwamba hiyo ni "tiba mbadala ya vichocheo". Karatasi ya pili ilisema kwamba "taka za dawa hii huingia katika ubongo na kuleta usingizi". Sentensi hiyo alikuwa ameisoma mara nyingi. "Mdogo wangu," alisema, "taka zikishapanda kichwani kuna nini tena?" Kwa muda wa majuma sita alikuwa ameiacha kapsuli ya usiku, huku akiendelea kumeza kidonge cha kila siku, kwa kuwa karatasi ya kidonge hicho haikutaja taka.

Msomaji asiye tabibu anaweza kudhani kwamba nusu ya tiba ni afadhali kuliko kukosa tiba kabisa. Katika jambo hili sivyo. Estrojeni huunenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba, na kazi ya projesteroni ni kuuzuia utando huo usinenepe kupita kiasi. Mwezi wa Desemba 1975 zilichapishwa nchini Marekani taarifa mbili zilizoonyesha kwamba saratani ya utando huo ilionekana kwa wingi zaidi miongoni mwa wanawake waliotumia estrojeni peke yake kuliko miongoni mwa wasioitumia. Tangu hapo imekuwa kanuni ya matabibu kwamba mwanamke mwenye mji wa mimba apewe dawa zote mbili. Basi neno moja la mfasiri lilikuwa limemwondolea mwalimu huyu dawa iliyokuwa kinga yake, likamwachia ile iliyohitaji kukingwa. Alishauriwa arudi kwa daktari wake bila kukawia, akarudi, akaelezwa, akaanza tena. Mfasiri wa karatasi ile hatumjui, wala hatukusudii kumtafuta. Tunachokusudia ni kulitafutia dawa kosa lenyewe, kwa sababu linarudiwa na wengine.

Dhana yenyewe

Homoni haikai mwilini kama ilivyoingia au kama ilivyotengenezwa. Ini, utumbo, mafuta ya mwili, ngozi na hata ubongo vina vimeng'enya ambavyo huipunguza hapa, huiongeza pale, na kuigeuza kuwa kitu kingine. Jumla ya mabadiliko hayo huitwa umetaboli, na neno hili limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya sayansi. Kila kitu kinachopatikana katika hatua yoyote ya mabadiliko hayo kinahitaji jina. Hapo ndipo wafasiri wanapogawanyika: wako wanaosema "mabaki", wako wanaosema "taka", wako wanaosema "mazao", na wako wanaoswahilisha neno la kigeni na kusema "metaboliti".

Tuchukue mfano wa estradioli, ambayo ndiyo estrojeni yenye nguvu kuliko zote zinazotengenezwa na ovari. Mwili huigeuza kuwa estroni, na estroni inaweza kugeuzwa tena kuwa estradioli. Kutokana na hizo mbili hupatikana pia estrioli, ambayo nguvu yake ni ndogo. Mwanamke akikoma hedhi, ovari huacha kutengeneza estradioli kwa kiasi cha zamani, na estroni ndiyo inayokuwa estrojeni kuu katika damu yake. Sehemu kubwa ya estroni hiyo hutengenezwa katika mafuta ya mwili kutokana na homoni nyingine zitokazo hasa katika tezi zilizo juu ya figo.

Akimeza kidonge cha estradioli, dawa hiyo hupita kwanza katika utumbo na ini kabla ya kuenea katika damu. Kwa sababu hiyo estroni katika damu yake huzidi estradioli mara kadhaa. Lakini akibandikwa dawa hiyo hiyo juu ya ngozi, haipiti kwanza katika ini, na viwango vya estroni na estradioli hukaribiana, kama vilivyokuwa kabla ya hedhi kukoma. Tofauti hii ya njia ina maana kwa tabibu. Estrojeni inayofika kwenye ini kwa wingi hulifanya ini litoe zaidi protini zinazogandisha damu, na uchunguzi uliofanyika Ulaya umeonyesha kwamba wanawake wanaomeza estrojeni hupata damu iliyoganda katika mishipa zaidi kuliko wanaoibandika juu ya ngozi. Mfasiri asiyeifahamu safari hii ya dawa hawezi kueleza kwa nini daktari amechagua njia moja akaacha nyingine.

Chanzo cha neno "taka"

Haifai kumlaumu mfasiri kabla ya kuangalia alikolitoa neno lake. Katika masomo ya sayansi ya shule, mtoto hufundishwa mfumo wa utoaji takamwili: figo huchuja damu, mkojo hutoka, na vilivyomo ndani ya mkojo ni takamwili. Fundisho hilo ni sahihi kwa jambo lililokusudiwa. Kwa kuwa homoni nazo, baada ya kugeuzwa, hutoka mwilini kwa njia ya mkojo, mfasiri amekata shauri kwamba vitu hivyo ni taka tangu vilipoanza kugeuzwa. Kosa lake ni kukiita kitu kwa jina la mwisho wa safari wakati bado kiko njiani kikifanya kazi.

Historia ya elimu hii yenyewe inapinga jina hilo. Mwaka 1927 Aschheim na Zondek walionyesha kwamba mkojo wa wanawake wajawazito una homoni kwa wingi. Mwaka 1929 Doisy huko Marekani na Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walifaulu kuitenga estroni kutoka katika mkojo huo. Estradioli, ambayo ndiyo mama, ilikuja kutengwa katika miaka ya 1930, kutoka katika ovari za nguruwe. Hivyo wanasayansi walimjua mtoto kabla ya kumjua mama, na walimjua kutokana na kile ambacho watu wengine walikuwa wakikimwaga.

Jambo la kustaajabisha zaidi lilifuata. Dawa iitwayo Premarin, iliyoanza kuuzwa Kanada mwaka 1941 na Marekani mwaka 1942, ilitengenezwa kutokana na mkojo wa farasi jike wenye mimba, na jina lake limeundwa kwa vipande vya maneno yenye maana hiyo hiyo. Ndani yake mna estroni iliyofungamanishwa na salfeti, pamoja na estrojeni nyingine za farasi. Dawa hii ilitumiwa na mamilioni ya wanawake kwa miongo mingi. Mfasiri anayeshikilia neno "taka" atalazimika kuandika kwamba wanawake hao walitibiwa kwa taka za farasi, na hapana shaka hatapata mgonjwa hata mmoja atakayekubali kuimeza.

Metaboliti zinazofanya kazi

Tuitazame sasa ile sentensi iliyomtisha mwalimu wa Kighare. Projesteroni inayomezwa hugeuzwa kwa hatua mbili kuwa kitu kinachoitwa alopregnanoloni. Kitu hiki huingia katika ubongo na kushikamana na vipokezi vinavyotuliza seli za neva, ambavyo ndivyo vipokezi vinavyofanyiwa kazi na dawa nyingi za usingizi. Usingizi unaompata mwanamke baada ya kumeza kapsuli yake ni kazi ya alopregnanoloni hiyo, na ndiyo sababu daktari humwambia aimeze anapokwenda kulala. Wala kitu hiki si kigeni katika mwili wa mwanamke: ubongo wake hujitengenezea, na katika ujauzito huwa kingi. Mwaka 2019 wakuu wa dawa wa Marekani waliidhinisha alopregnanoloni yenyewe itumike kama dawa ya sonona inayowapata wanawake baada ya kujifungua. Iweje basi kitu kilichokubaliwa kuwa dawa ya ubongo kiitwe taka iliyopanda kichwani?

Mfano wa pili ni estroni iliyofungamanishwa na salfeti. Katika hali hiyo haina nguvu ya kufanya kazi ya estrojeni, lakini hukaa katika damu kwa saa nyingi zaidi kuliko estradioli, na tishu zinapohitaji, kifungo chake hukatwa, ikawa estroni, kisha estradioli. Wenyeji wa milima ya Upare, kuanzia Usangi hadi milima iliyo juu ya mji wa Same, hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili, kwa kuwa wana ndiva. Maji ya kijito hukusanywa katika bwawa hilo usiku, na asubuhi hufunguliwa yakateremka kwa mfereji hadi mashambani kwa zamu. Maji yaliyolala ndivani hayamwagilii shamba lolote usiku ule, lakini hakuna Mpare atakayeyaita taka za mto. Ni akiba. Estroni salfeti nayo ni akiba ya namna hiyo.

Mfano wa tatu ni tiboloni, dawa inayotumiwa katika nchi nyingi za Ulaya kwa wanawake waliokoma hedhi. Ikiisha kumezwa, tiboloni hugeuzwa upesi kuwa vitu vitatu vikuu. Viwili kati ya hivyo hutenda kama estrojeni, na cha tatu hutenda kama projesteroni na pia kama homoni za kiume. Yaani nafuu anayoipata mgonjwa hutokana zaidi na vile vitu ambavyo tiboloni imegeuzwa kuwa kuliko tiboloni yenyewe. Tukiviita vitu hivyo taka, tutakuwa tumesema kwamba dawa yote haina faida isipokuwa taka zake.

Hata hivyo ni lazima tujihadhari tusivuke mpaka wa upande wa pili. Haifai kumwondolea msomaji hofu isiyo na msingi kwa kumpa matumaini yasiyo na msingi. Estrojeni pia hugeuzwa kuwa vitu vingine, na baadhi ya hivyo, hasa vile vinavyopatikana kwa kuongezwa oksijeni mahali pa nne pa molekuli, vinaweza katika maabara kugeuka tena na kuidhuru DNA. Mwili una vimeng'enya vya kuvituliza vitu hivyo kabla havijafika huko. Wako watu waliodai kwamba kwa kupima katika mkojo uwiano wa metaboliti za namna mbili, mwanamke anaweza kuambiwa kama atapata saratani ya matiti au hatapata. Chunguzi zilizofanywa hazikuafikiana juu ya dai hilo, na mfasiri hana ruhusa ya kulifanya liwe kweli kwa kuchagua maneno ya "zuri" na "baya" pale ambapo mwandishi wa asili hakuyatumia. Istilahi inayotakiwa basi ni ile isiyosifu wala kulaani, bali inayotaja kitu na kukiacha kielezwe na sentensi.

Maneno mengine mawili

Kabla ya kutoa pendekezo, inatupasa kurudi kwenye ile karatasi ya kwanza, maana kichwa chake kilikuwa na makosa mawili yanayofanana na hili.

Kosa la kwanza ni "tiba mbadala". Mfasiri alitaka kusema kwamba homoni iliyopungua inarudishwa kwa kutiwa nyingine mahali pake. Lakini katika Tanzania maneno "tiba mbadala" yana maana yake mahususi, tena ya kisheria: iko Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, na liko Baraza linalosimamia shughuli hizo. Mtumishi wa umma asomapo "tiba mbadala ya homoni" ana haki ya kudhani kwamba ni tiba nje ya ile ya hospitali, na mgonjwa ana haki ya kwenda kuitafuta kwa mwenye duka la mitishamba. Zaidi ya hayo, wataalamu wenyewe siku hizi hawapendi kutaja urudishaji, kwa sababu kukoma hedhi si ugonjwa wa upungufu, na kiasi cha homoni kinachotolewa hakikusudiwi kumrudisha mwanamke katika hali ya ujana. Kwa hiyo maneno "tiba ya homoni ya ukomo wa hedhi" yanatosha, nayo yanasema kweli.

Kosa la pili ni "vichocheo". Kwa asili neno hili lina hoja nzuri. Starling alipoanza kulitumia neno la homoni mwaka 1905, alilichukua kutoka katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kusukuma au kuchochea, na kwa hiyo "kichocheo" ni tafsiri ya asili kabisa. Lakini katika somo la kemia mwanafunzi huyo huyo hufundishwa kwamba kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kutumika. Sasa vimeng'enya vinavyoigeuza homoni ni vichocheo kwa maana hiyo ya kemia. Mfasiri atakayeandika kwamba "vichocheo hugeuzwa na vichocheo" atakuwa amesema kweli mara mbili bila kueleweka hata mara moja. Neno "homoni" limekwisha kuingia katika kinywa cha wananchi, na hakuna sababu ya kulifukuza.

Kwa kuongeza, wafasiri wanaombwa watenganishe "projesteroni", ambayo ni homoni ya mwili, na "projestini", ambazo ni dawa zilizoundwa ili kufanya kazi inayofanana na hiyo. Tofauti hii huonekana hasa katika metaboliti. Medroksiprojesteroni, inayojulikana sana nchini kama sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ni projestini, nayo haigeuki kuwa alopregnanoloni. Dawa hiyo, kwa njia ya vidonge, ndiyo iliyotumika pamoja na estrojeni za farasi katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwezi wa Julai 2002, uliohusu wanawake 16,608. Sehemu hiyo ya uchunguzi ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Miongoni mwa wanawake 10,000 waliotumia dawa kwa mwaka mmoja, wanane zaidi walipata saratani ya matiti kuliko miongoni mwa wasiotumia, ingawa kuvunjika kwa nyonga kulipungua. Habari hiyo ilipozunguka duniani kwa neno moja tu, "homoni", kila dawa ya jamii hiyo ilihukumiwa pamoja na nyingine, iliyochunguzwa na isiyochunguzwa.

Pendekezo

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi unamtaka mfasiri atazame kwanza Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Tukiyapima maneno yaliyotajwa kwa utaratibu huo, "taka" na "mabaki" yanatangulia kwa kuwa ni Kiswahili, lakini yanaanguka kwa kukosa usahihi. "Mabaki" hudokeza kwamba kazi imekwisha na kilichopo ni masalio, jambo ambalo si kweli kwa alopregnanoloni wala kwa estroni.

"Zao" ni neno zuri. Katika kemia limezoeleka kwa kile kinachopatikana baada ya vitu kuathiriana, na mkulima analijua: zao laweza kuwa jema au baya, la kuliwa au la kutupwa, na bado likaitwa zao. Udhaifu wake ni kwamba likisimama peke yake halionyeshi zao la nini, na likiandikwa kwa ukamilifu, "zao la umetaboli", huwa refu katika majedwali na halikubali viambishi kwa urahisi.

Ndiva, kwa upande wa lugha za Kibantu, ni mfano bora kwa mwalimu anayefundisha Upare. Lakini hufaa kwa akiba tu, na msomaji wa Mtwara au Kigoma hatalijua. Tusiliingize katika orodha kwa sababu tu tunalipenda.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, istilahi iwe "metaboliti", kwa kuwa inaungana na "umetaboli" ambalo tayari limo katika matumizi, na haina hukumu ndani yake. Pili, katika maandishi yanayomwendea mwananchi, neno hilo lifafanuliwe mara ya kwanza kwa maneno "zao la umetaboli, yaani kitu ambacho mwili umekipata kwa kuibadili dawa". Tatu, pawepo tofauti kati ya "metaboliti tendaji", ambayo ina kazi mwilini, na "metaboliti tulivu", ambayo haina kazi hiyo kwa wakati huo. Na dawa kama tiboloni, ambayo hungoja kugeuzwa ndipo itende, ielezwe kuwa "dawa tangulizi". Nne, neno "takamwili" libaki mahali pake pa haki, yaani kwa vile vinavyotolewa nje, na lisitumike kwa kitu ambacho bado kiko katika damu au katika ubongo.

Mtu anaweza kutupinga akisema kwamba "metaboliti" ni neno lisiloeleweka kijijini, na kwamba tunakwepa wajibu wa kukikuza Kiswahili kwa kukopa. Hoja hii ina uzito. Jibu letu ni kwamba karatasi ya dawa haihitaji sana nomino hiyo. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi, nacho kitenzi humwonyesha mtendaji na mtendwa. Badala ya kuandika "taka za dawa hii huingia katika ubongo na kuleta usingizi", mfasiri angeweza kuandika hivi: "Ukiisha kuimeza, mwili huigeuza sehemu ya dawa hii kuwa kitu kinachotuliza ubongo. Kwa hiyo utasikia usingizi. Imeze unapokwenda kulala, na usiiache bila kumwuliza daktari." Sentensi hizo hazina istilahi hata moja. Istilahi itakaa katika kitabu cha mwanafunzi wa uuguzi na katika kamusi, ambako inahitajika, na mgonjwa atapewa habari yenyewe.

Hitimisho

Tumeona kwamba neno "taka", ingawa lina asili katika masomo yetu ya shule, halilingani na ukweli wa umetaboli wa homoni. Tumeona pia kwamba "tiba mbadala" na "vichocheo" yanamwelekeza msomaji mahali pasipokusudiwa. Makosa hayo matatu yana chanzo kimoja: mfasiri alilitazama neno la kigeni, akalitafutia mwenzake, bila kukifuata kitu chenyewe kinapopita katika ini, katika damu na katika ubongo. Wafasiri wa habari za tiba wanaombwa wawe na desturi ya kumsomea tabibu mmoja na mgonjwa mmoja kila karatasi kabla haijachapwa. Tabibu ataeleza kama ni kweli, na mgonjwa aulizwe: "Umeelewa ufanye nini?" Lau mtu angeuliza swali hilo kabla ya ile karatasi ya pili kupanda milimani, mwalimu wa Kighare asingekaa majuma sita bila kinga yake.